Neno "kazi" katika lugha nyingi: tuliyojifunza tukilifuatilia kutoka Kampala

Bandika tangazo Kampala linalosema "Wakazi wote wa mtaa huu wanaombwa kufika mkutanoni", na Mganda anayeanza kujifunza Kiswahili ana kila sababu ya kuelewa kwamba wanaoitwa ni wanawake. Kwao mwanamke ni omukazi, na wanawake ni abakazi. Masikio yake hayajamdanganya. Kilichomponza ni kwamba maneno mawili yenye asili tofauti yamekutana yakiwa na sura moja. Tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, watu wengi zaidi wanakutana na maneno ya namna hii wakiwa tayari wana lugha nyingine kichwani, na hakuna anayewaambia lipi ni ndugu wa lipi.

Tunaoandika hapa tunatengeneza orodha za maneno za lugha nyingi. Kazi ni mojawapo ya maneno yaliyotuchosha zaidi na kutufunza zaidi. Tunaieleza njia yake kuanzia daftari tupu hadi ukurasa uliokamilika, tukionyesha palipo na mitego, ili atakayechukua neno lake mwenyewe asipoteze miezi pale ambapo wengi huipoteza.

Jambo la kwanza kuamua, kabla ya kumuuliza mtu yeyote, ni kama unafuata sura au unafuata maana. Ukifuata maana ya "shughuli anayoifanya mtu apate riziki", utakusanya omulimu wa Luganda, umurimo wa Kinyarwanda na tic ya Kiacholi, na hutakutana na mwanamke hata mmoja. Ukifuata sura, yaani herufi k-a-z-i, utapata mwanamke, hakimu na shimo la wachimbuzi, na omulimu itabaki nje. Zote mbili ni shughuli halali, ila haziwezi kukaa katika daftari moja. Madaftari mengi yanayoachwa njiani huachwa kwa sababu mwenye nayo alianza na sura, akahamia kwenye maana katikati, na mwisho hajui tena ukurasa wake unajibu swali gani. Sisi tulifuata sura, tukakubali tofauti tatu tu: urefu wa irabu, alama juu au chini ya herufi, na viambishi vinavyoshikamana na neno.

Kila lugha ipewe karatasi yake. Juu andika jina la lugha na msimbo wake wa kimataifa wa herufi tatu, kwa sababu majina hubadilika badilika: huyu ataandika Kiganda, yule Luganda, mwingine Oluganda. Msimbo haubadiliki: lug ni Luganda, xog ni Lusoga, cgg ni Rukiga, ttj ni Rutooro, lgg ni Kilugbara, kin ni Kinyarwanda. Angalia sana nyn na nyo. Wa kwanza ni wa Runyankore, wa pili ni wa Runyoro, na kidole kimoja kikikosea tu maneno ya Mbarara yanahamia Hoima. Chini ya msimbo andika neno kama linavyoandikwa, linavyotamkwa, ngeli yake na wingi wake, sentensi moja nzima kwa kila maana, na mwisho kabisa mstari wa asili. Mstari huo wa asili usijazwe siku ya kwanza. Hamu ya kuujaza mapema ndiyo inayozaa makosa mengi kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii.

Anzia nyumbani. Luganda, Lusoga, Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro zote zina omukazi, wingi abakazi, na hapo mtu hupumzika akidhani ameshika uzi. Lakini Luganda peke yake inataka siku kadhaa. Mzizi ni -kazi, na viambishi vikibadilika maana nayo husogea: akakazi ni neno la kumdunisha mwanamke, na mzizi huohuo hutumika pia kutofautisha jike na dume. Kisha kuna adabu. Ukimwuliza mzee wa Kiganda habari za mke wake kwa kumwita omukazi, anaweza kukuona huna malezi. Neno la heshima ni omukyala. Kwa hiyo msalimie kwanza, mwite ssebo (bwana) au nnyabo (bibi), kaa, na swali la omukazi lije baadaye likiwa wazi kwamba ni swali la lugha. Hilo si pambo. Anayerukia karatasi hupewa majibu mafupi mafupi ya kumfukuzia.

Mtego mkubwa wa Luganda kwa Mswahili ni omukozi. Maana yake ni mfanyakazi. Linasikika kama omukazi, na maana yake ni ya kazi hasa, basi mtu huona ameshapata daraja kati ya Kiswahili na Luganda: kazi, mukozi, mukazi, familia moja. Daraja hilo halipo. Omukozi linatokana na kitenzi okukola, kufanya. Ushahidi wake si kufanana bali ni mwendo unaojirudia: okugula (kununua) huzaa omuguzi, okubala (kuhesabu) huzaa omubazi, na okukola huzaa omukozi. Kila mara l ya kitenzi ikifuatwa na i ya mtendaji hugeuka z. Ukishaona vitenzi vitatu au vinne vikipita njia ileile, huna haja ya kubahatisha.

Tena kuna tatizo la mkono na sikio. O na a zilizoandikwa haraka hufanana, na rekodi iliyofanywa kando ya barabara penye bodaboda huzila irabu zote mbili. Dawa yake ni kutokubali neno likiwa peke yake. Mwambie mzungumzaji alitie katika sentensi yenye kitenzi, alitaje kwa wingi, kisha atoe mfano wa pili. Anayezungumzia abakozi atataja mshahara au bosi, na hapo shaka inaisha.

Urefu wa irabu nao hauna mchezo. Karibu na Kampala, ufukweni mwa ziwa upande wa Busabala, kuna mahali panapoitwa Kaazi, penye kambi ya maskauti. Ukiandika Kazi umeandika kitu kingine kabisa. Katika Luganda irabu fupi na irabu ndefu ni sauti mbili tofauti zinazotenganisha maana, sawa na t na d kwa Mswahili, na maandishi ya Luganda yanazionyesha kwa kuandika irabu mara mbili. Mswahili huzoea kuvuta irabu ya pili kutoka mwisho bila kujijua, kwa hiyo asiandike urefu kwa kujisikiliza mwenyewe akirudia neno; aandike kwa kumsikiliza mwenye lugha.

Baada ya kumaliza majirani ndipo unafuata ukoo wa omukazi nje ya Uganda, na hapa ndipo shughuli yote inapopata maana yake. Ng'ambo ya mpaka, Wabukusu wa Kenya wanasema omukhasi, na ndugu zao wa Mlima Elgon upande wa Mbale wana mukhasi. Washona wa Zimbabwe wanasema mukadzi. Waluba wa Kasai wanasema mukaji. Kwa Wabemba wa Zambia mke ni umukashi. Wachewa wa Malawi wanasema mkazi. Kati ya haya yote, ni moja tu linaloandikwa k-a-z-i, lakini wote ni ndugu. Wataalamu wa Kibantu wamerudi nyuma hadi kwenye mzizi *-kádí, wenye maana ya mwanamke au mke. Kinyota hicho kinaonyesha kwamba umbo limekisiwa kwa kulinganisha lugha zilizopo, halikupatikana katika maandishi.

Utajuaje kwamba omukhasi ni ndugu wala si mgeni? Chukua neno jingine lenye k na ulijaribu njia hiyohiyo. Sisi hutumia mkono. Kiswahili mkono, Luganda omukono, Kibukusu kumukhono. K ya Luganda imekuwa kh ya Kibukusu katika mkono kama ilivyokuwa katika mwanamke. Tafuta jingine: kumi la Kiswahili, kkumi la Luganda, kwa Kibukusu ni likhumi. Sasa una mfululizo. Mfululizo mmoja wa tofauti zinazojirudia una nguvu kuliko maneno kumi yanayofanana kwa bahati, na tungependa kila mwanafunzi wa lugha Afrika Mashariki aambiwe hivyo mapema kabisa.

Huko kusini na hata hapa jirani, -kazi imeacha kuwa neno la kusimama peke yake na kuwa mkia wa kuonyesha uke. Kwa Wazulu inkosi ni chifu au mfalme, na mke wake ni inkosikazi. Kwa Wachewa mfumu ni mfalme, malkia ni mfumukazi. Kwa Wanyarwanda umwami ni mfalme, malkia ni umwamikazi. Lugha tatu, maneno matatu tofauti ya mfalme, mkia mmoja. Kizulu kimeenda mbali zaidi: mkia huohuo unaweza kuonyesha ukubwa, hata mti mkubwa ukaitwa umuthikazi. Andika maana hiyo ya ukubwa peke yake, chini ya maana ya uke, wala usilazimishe mti uwe wa kike.

Kisha geukia Kiswahili chenyewe, ambacho watu hukiacha kwa kudhani wanakijua. Kina -kazi mbili zisizohusiana, na alama ya tatu iliyojificha.

Ya kwanza ni kazi ya ngeli ya i-zi: kazi hii, kazi hizi. Maana zake zipange kwa sentensi, si kwa kufikiri. "Ana kazi benki" ni ajira. "Nina kazi ya kufua" ni shughuli. "Kazi ya figo ni kuchuja damu" ni wajibu wa kitu. "Hii ni kazi ya fundi gani?" ni kitu kilichotengenezwa. "Leo tuna kazi!" ni taabu, wala hakuna anayetaja mshahara. "Kazi kwako" ni kumwachia mtu uamuzi. Methali isemayo "kazi mbi si mchezo mwema" itakupa pia umbo la kale la -baya, na ni vizuri kuiandika ilivyo.

Ya pili imo ndani ya mkazi, mwenyeji wa mahali, yule wa tangazo letu. Hiyo inatokana na kaa. Kitenzi hiki zamani kilikuwa na l katikati, na Kiswahili kikaiangusha, lakini l hiyo haikufa: ikikutana na i ya mtendaji hutokea tena ikiwa z. Ndiyo maana lea huzaa mlezi, okoa huzaa mwokozi, jua huzaa mjuzi, nunua huzaa mnunuzi, na kaa huzaa mkazi. Ni mwendo uleule wa okugula na omuguzi. Kwa hiyo mkazi wa Kiswahili na omukazi wa Luganda wamevaa sura moja kwa sababu sheria ileile ya sauti imepita katika mizizi miwili tofauti, mmoja wa kukaa na mwingine wa mwanamke. Ukimweleza mwanafunzi hivi, hasahau tena.

Alama ya tatu ni mkazamwana, mke wa mwana. Hapo ndipo mwanamke wa kale wa Kibantu bado anaishi katika Kiswahili: mkaza ni mkazi wa, kwa maana ya mke wa. Linganisha na Kinyarwanda, ambapo mke wa mwana ni umukazana. Maneno ya ukwe hushika mambo ya kale kuliko maneno ya sokoni, kwa hiyo ukikwama katika lugha yoyote, uliza majina ya wakwe.

Mstari wa asili wa kazi yenyewe ndio uliotutia majaribuni. Kibengali kina kāj, maana yake kazi, kutoka Kisanskriti kārya. Biashara ya Bahari ya Hindi inajulikana, maduka ya Wahindi yanajulikana, na neno duka lenyewe lilipita huko. Kila kitu kinaonekana kukaa sawa, na mtu akishaona uzuri huo inamuuma kweli kuufuta. Lakini nenda Komoro kwanza. Huko kazi ni hazi, na mkono ni mhono. Hazi imefuata njia ileile ya mhono, k ikawa h, jambo linaloonyesha kwamba neno lilikuwa limekaa muda mrefu katika lugha hizi za pwani wakati sauti zao zilipokuwa zinaachana. Mkopo wa juzi kutoka kwa mwenye duka usingepita mlango huo. Funzo la kiutendaji: kabla ya kwenda kutafuta asili ng'ambo ya bahari, uliza ndugu wa karibu wa lugha yako wanasemaje.

Sasa akazi ya Kinyarwanda, ambayo inastahili karatasi yake na muda wake. Maana yake ni kazi, hasa ya kuajiriwa au ya kuamriwa, na imetoka Kiswahili. Neno la asili la Kinyarwanda ni umurimo, ndugu wa omulimu wa Luganda. Wakati wa utawala wa Wabelgiji Ruanda-Urundi, akazi ilikuwa jina la kazi za shuruti, na miongoni mwa waliovuka kuja kulima katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda kati ya vita vikuu viwili na baadaye, wengi walikuwa wanaikimbia hiyo akazi pamoja na kodi. Kwa hiyo unapomuuliza mzee wa ukoo huo neno hili, unaweza kupata zaidi ya sentensi ya mfano. Zima haraka yako. Mwache amalize, na kama hataki irekodiwe, usirekodi.

Upande wa sarufi akazi ni ajabu ya kupendeza. Wanyarwanda walipolipokea kazi, walisikia ka ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli yao ya vitu vidogo, wakalipatanisha hivyo: akazi kanjye, kazi yangu, akazi keza, kazi nzuri. Kiswahili kinasema kazi yangu, si kazi kangu. Na Kichewa kina akazi pia, herufi kwa herufi, lakini huko ni wingi wa mkazi: wanawake. Akazi moja ni kazi, akazi nyingine ni wanawake, na macho peke yake hayawezi kuzitenga. Zitenge kwa upatanisho. Siku zote mwombe mzungumzaji akupe neno likiwa na "yangu", likiwa na "nzuri", na likiwa na "mbili". Vitu hivyo vitatu vinachukua dakika chache na vitakuonyesha ngeli hata kama wewe na yeye hamjui jina la ngeli hiyo. Tungelazimika kuchagua pendekezo moja tu katika maandishi haya yote, lingekuwa hilo.

Kinyarwanda pia kitakuwa na asili mbili katika ukurasa mmoja, akazi ya kazi na -kazi ya umwamikazi. Zitenganishe kwa namba, asili ya 1 na asili ya 2, kila moja na maana zake chini yake. Usizipange kwa maana kwanza halafu asili baadaye, maana msomaji ataona ni neno moja lenye tabia nyingi.

Njia ya hakimu ni tofauti kabisa, na ni rahisi kuifuata kwa sababu imeandikwa karne nyingi. Kiarabu kina qāḍī, mwenye kuamua, kutoka kitenzi qaḍā. Kiswahili kilichukua kadhi, na kutoka mzizi huohuo kikapata kukidhi, kama kukidhi haja. Hapa Uganda neno hili si la vitabuni tu: Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 129, inataja mahakama za makadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi wa mali na ulezi. Waajemi hutamka herufi hiyo ya katikati kama z, na kwa kupitia kwao Kiurdu kikapata qāzī na Kibengali kājī, linaloandikwa mara nyingi Kazi kwa herufi za Kilatini. Ndiyo hiyo iliyo katika jina la mshairi wa Bangladesh, Kazi Nazrul Islam, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1976. Uthibitisho wa mgawanyiko wa dh na z unao mdomoni kila mwaka: sisi tunafunga Ramadhani, Waajemi na Waturuki wanasema Ramazan. Herufi ileile, njia mbili. Hispania nayo ilichukua neno pamoja na kitambulishi chake, al-qāḍī ikawa alcalde, na leo ni meya.

Ona Kibengali kilivyo: kāj ni kazi kutoka Kisanskriti, kājī ni hakimu kutoka Kiarabu, na yanakaa karibu karibu katika kamusi. Ni yaleyale ya mkazi na omukazi, tofauti ni bahari tu.

Zilizobaki ni sadfa. Kituruki kina kazı, uchimbaji wa vitu vya kale, kutoka kazmak, kuchimba. Na umbo hilohilo ni pia kaz, bata bukini, anapokuwa mtendwa katika sentensi. Kicheki kina kazí, "anaharibu", jirani ya kaz, ambalo ni pamoja na kuoza kwa jino. Kiserbia na Kikroeshia vina kaži, "sema!". Afrika Kusini vijana huita kitongoji kasi, lakini hilo ni kipande cha lokasie cha Kiafrikana, na pia si kasi yetu ya mwendo. Hakuna hata moja kati ya haya lenye undugu na Kibantu, na karatasi zake ziwe fupi.

Ufupi huo usikuzubaishe upande wa kompyuta, kwani hapo ndipo saa zinapopotea. I ya Kituruki isiyo na nukta ni herufi yake peke yake, namba U+0131 katika mfumo wa Unicode. Kompyuta iliyowekwa kwa Kituruki ikishusha KAZI kuwa herufi ndogo itatoa kazı, si kazi, na neno lako la Kiswahili limegeuka shimo. Usihifadhi maneno kwa herufi kubwa. Í ya Kicheki inaweza kuandikwa kwa namna mbili, kama herufi moja, U+00ED, au kama i ikifuatiwa na alama U+0301. Machoni ni kitu kimoja, kwa programu ya kutafuta ni vitu viwili, na utaapa kwamba neno limefutika. Chagua namna moja mwanzoni, ile ya herufi moja, na ubadilishe faili zote kabla ya kuunganisha. Alama za toni za Luganda zina ugonjwa huohuo.

Kaskazini kuna jambo la kuchunga zaidi kuliko sadfa za Ulaya. Kilugbara cha Arua si Kibantu, ni cha kundi la Sudani ya Kati, na kazi kwao ni azi. Maana ileile, na kilichopungua ni k tu. Anayetaka kusema ni mkopo kutoka Kiswahili ana deni la kuonyesha maneno mengine ya Kiswahili yaliyopoteza k yalipoingia Kilugbara, na kueleza ndugu zake, kama Kimadi, wanasemaje. Bila hivyo, azi ibaki katika karatasi ya Kilugbara bila mshale wa kuiunganisha na kitu. Watu wa West Nile, eneo la Arua, wana haki ya kutoambiwa kila neno lao limetoka kwa jirani.

Kuhusu gharama tuseme wazi. Pesa nyingi haziendi kwenye vitabu. Zinaenda kwenye nauli, bando, na fidia ya muda wa wazungumzaji. Mlipe mtu muda wake hata kama amekupa neno moja, na mweleze kabla ya kuanza kwamba malipo ni ya muda wala si ya idadi ya maneno, la sivyo utaletewa maneno ya kutungwa. Katika kila lugha tafuta wazungumzaji watatu wasioishi nyumba moja, na angalau mmoja aliyekulia kijijini, kwa sababu Kampala lugha zimeingiliana: ukimuuliza kondakta wa Old Taxi Park neno la kazi kwa lugha ya kwao, anaweza kukujibu kwa Kiswahili kwa nia njema kabisa ya kukusaidia. Usimwonyeshe neno unalolitafuta. Mweleze hali, "mtu anaamka alfajiri, anakwenda shamba la mwenzake, jioni analipwa", na umwache alitaje mwenyewe. Saa moja ya rekodi hudai saa nyingi za kuandika, na anayekosa subira hapo huanza kuandika anachotarajia badala ya anachosikia.

Rasimu ikiwa tayari, irudishe kwa walewale waliotoa maneno, na uisome kwa sauti sehemu ya lugha yao tu. Waulize mambo matatu: kama sentensi inasemeka, kama wingi ni huo, na kama kuna neno ambalo lingemkera mtu mzima. Mstari wa asili usiwapigishe kura. Huo unategemea mfululizo wa sauti, na mwenye lugha hana wajibu wa kuujua. Sehemu ya Kinyarwanda ndiyo inayorudi na masahihisho mengi kuliko zote, hasa kwenye akazi, kwa hiyo chapisha ukurasa wake ukiwa na nafasi tupu pembeni, na upeleke kalamu ya ziada.